Anayemdai Marehemu

Katika visiwa vyetu maiti hazikwi kimya. Baada ya sala, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mmoja katika jamaa husimama mbele ya watu akasema maneno ambayo kila mtu anayajua kwa moyo: kwamba ndugu yetu huyu alikuwa binadamu, aliishi na watu, aliuza na alinunua, basi aliyekosewa naye amsamehe, na anayemdai aje kwetu, sisi ndio tutakaolipa. Watu huitikia kwa sauti ndogo, jeneza likanyanyuliwa, na safari ikaendelea. Maneno yote hayo hayachukui hata dakika moja.

Mwaka 2014, alipofariki baba yangu, mimi ndiye niliyesimama kuyasema. Nilikuwa nimekwisha kuwa wakili kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi yangu, ukiiondolea majoho na faili zake, ilikuwa ni hilo hilo nililokuwa nikilitangaza: nani anamdai nani, kiasi gani, kwa ushahidi upi, na kimebaki kitu gani cha kulipia. Niliyasema kwa ufasaha wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya majaji. Sikujua kuwa katika safu ya tatu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akiyasikiliza kwa makini kuliko mimi niliyeyatamka.

Kabla sijamfikia mzee huyo, sina budi kuieleza kazi yenyewe, kwani wengi huiona kwa nje tu.

Nilikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, katika Kitivo cha Sheria, ambacho ndicho kitivo cha mwanzo cha chuo kile, kilichofunguliwa 1961. Nilipokuwa skuli nilikuwa nimesoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969, na ndiyo iliyonitia wazimu wa uwakili. Nilimpenda Portia, aliyeusoma mkataba wa mkopeshaji neno kwa neno hata ukamgeukia mwenyewe: nyama imo katika mkataba, damu haimo. Nikadhani uwakili ndio huo, mtu mwerevu kusimama mbele ya karatasi mbaya akaishinda. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba katika mahkama za kweli aghalabu karatasi ndiyo inayoshinda, na kwamba wakili mwerevu ni yule aliyesimama upande wa mwenye karatasi.

Niliporudi nyumbani nilipokelewa na mzee mmoja wa sheria ambaye ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya ghala, Mji Mkongwe. Alikuwa amesoma zama za Sultani. Katika miaka ya 1970, zilipokuwako mahkama za wananchi ambamo wakili hakuwa na nafasi ya kumsemea mtu, alikaa nyumbani akafundisha watoto wa jirani hesabu. Mfumo ule ulipoondolewa katikati ya miaka ya 1980 aliyafuta vumbi makabati yake akaanza upya, kana kwamba alitoka kwenda kusali tu. Siku yangu ya kwanza alinipa faili lililofungwa kwa kamba nyekundu, akaniambia nisome maelezo ya mteja wetu. Nilipomaliza nikamwambia kuwa mteja ana haki. Akacheka. “Msema pweke hakosi,” akasema. “Na mteja wako daima ni msema pweke. Ukimwamini kabla hujamsikia mwenzake, utamponza.”

Funzo lake la pili lilikuwa hili: kesi ya biashara ni ugomvi wa watu waliokuwa wakiaminiana. Wasioaminiana hawafikishani mahkamani, kwani hawapeani kitu. Nikaja kuona ukweli wake kila siku. Biashara ya hapa imesimama juu ya kile tunachokiita mali kauli. Mwenye duka kubwa humpa mwenye duka dogo majora ya vitambaa au magunia ya mchele kwa neno tu, alipe atakapouza. Neno likishindwa, ndipo watu hutafuta karatasi. Na karatasi hakuna. Hapo wakili hukaa na daftari lenye mafuta ya taa, na vipande vya ankara, na mtu mmoja anayeapa kuwa alilipa na mwengine anayeapa kuwa hakulipwa, na wote wawili walikuwa wakila sahani moja mwezi wa Ramadhani.

Ni ajabu kwamba sisi, ambao Kitabu chetu kina aya ndefu kuliko zote inayohusu kuandika deni na kuliwekea mashahidi, ndio tunaoona haya kuandikiana. Kumtaka rafiki atie saini ni kama kumtukana. Baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani wa kanzu, alikuwa akirudia msemo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari alikuwa nalo. Lakini hata siku moja hakumwambia mtu atie saini ndani yake. Aliandika mwenyewe, na deni likilipwa alilipiga mstari mmoja ulionyooka, kwa rula ya fundi.

Wala si jambo la jana. Ukizisoma hati za karne ya kumi na tisa utaona jinsi visiwa hivi vilivyojengwa kwa mikopo. Misafara ya bara iligharimiwa na matajiri wa mjini. Tippu Tip mwenyewe alifanya biashara kwa fedha za Tharia Topan. Mashamba ya karafuu yaliwekwa dhamana kwa bei ya khiyari: mtu alikuuzia shamba lake kwa sharti la kuwa na hiari ya kulikomboa baada ya muda fulani, na katika muda huo akalikodi kwako, akabaki palepale akichuma. Kwenye karatasi palikuwa na mauzo na kodi. Kwa hakika palikuwa na mkopo na faida yake, ila vilivaa kanzu ya halali. Kufikia miaka ya 1930 madeni ya wenye mikarafuu yalikuwa makubwa hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji, na mzozo wa karafuu uliofuata ukafika hadi India, ambako mwaka 1937 ilisusiwa karafuu ya Zanzibar. Wakili wa madai anayedhani anafungua jambo jipya anapofungua faili huwa hajajua tu ni faili la ngapi.

Kesi iliyonitambulisha mjini niliipata mwaka 1998. Mteja alikuwa benki. Ipi, si muhimu. Mdaiwa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Mkunazini, mtu wa makamo wakati ule, ambaye nilimjua tangu utotoni, kwani baba yangu alinunua kwake majora ya kanzu. Nilimwita ami, kama tunavyowaita wenziwe baba zetu. Katika miaka ya neema, biashara ilipofunguliwa baada ya 1984, alikuwa akileta mizigo kutoka Dubai, na sehemu kubwa ikivuka kwenda Bara. Kisha mambo yakabadilika, ushuru ukabadilika, wanunuzi wakapungua, na makontena mawili yakakaa bandarini hadi gharama za kukaa zikaizidi faida. Alikuwa amekopa milioni nane na kuweka rehani duka pamoja na nyumba iliyo juu yake. Nilipofungua madai, milioni nane zilikuwa zimekuwa kumi na tisa.

Ningeweza kuikataa kesi ile. Mzee wangu wa ofisini aliniambia hivyo, si kwa kuniamuru. Nilijibu kwamba nisipoichukua mimi ataichukua mwengine, jibu ambalo kila wakili analo mfukoni na ambalo, kwa bahati mbaya, ni la kweli.

Alikuja mahkamani bila ya wakili, katika jengo lile la Vuga alilolichora Sinclair mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla Mahkama Kuu haijapata jengo jipya Tunguu. Nakumbuka alivaa koti juu ya kanzu, na joto lilikuwa kali. Jaji alimuuliza kama analikubali deni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Nilichokichukua nakikubali, Mheshimiwa. Kilichozaliwa sikijui.” Watu wakacheka, na jaji naye akatabasamu. Mimi nikasimama nikausoma mkataba, kifungu cha riba, kifungu cha adhabu ya kuchelewa, na saini yake chini. Sikukosea hata neno. Hukumu ikatoka kama tulivyoomba, na baada ya miezi kadhaa tukaomba ikazwe.

Siku ya mnada si lazima wakili ahudhurie. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka mteja wangu anione. Dalali wa mahkama alipiga kengele, watu wakakusanyika, wengine kununua na wengine kutazama. Majora yalikuwa yametolewa nje na kupangwa juu ya baraza, na juu yake wari ya kupimia kitambaa, kipande cha mti kilicholainishwa na mikono ya miaka thelathini. Mwenye duka alikuwa amekaa pembeni. Nikamwamkia, kwani sikujua la kufanya jengine.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?”

Sikumbuki nilijibu nini. Mali ikauzwa, benki ikapata fedha zake karibu zote, na ada yangu ilikuwa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupokea. Baada ya hapo wateja walikuja wenyewe.

Lakini liko jambo sikulijali wakati ule, na ndilo lililonigeuza polepole kuwa mtu wa ufilisi. Yule mzee hakuwa akidaiwa na benki peke yake. Walikuwapo wafanyabiashara sita waliompa mali kauli. Hao hawakuwa na rehani, walikuwa na neno tu. Na mwenye rehani alipokwisha kuchukua chake, hapakubaki cha kuwagawia. Walifikiria kuomba atangazwe muflisi, wakapiga hesabu, wakaacha.

Neno muflisi lina historia yake. Wenye lugha ya Kiarabu husema linatokana na fulusi, sarafu duni za shaba: mtu aliyekuwa na dirham za fedha, akabakia na fulusi. Na katika hadithi mashuhuri Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwauliza masahaba wake kama wanamjua muflisi. Wakasema ni asiye na fedha wala mali. Akawafahamisha kuwa muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na funga zake, ilhali amemtukana huyu na kula mali ya yule, basi mema yake yakagaiwa kwa aliowadhulumu mpaka yakesha. Nimeisikia hadithi hii misikitini mara nyingi. Nilipoanza kufanya kazi za ufilisi ndipo niliposhtuka kuona kwamba picha yake ni ya kazi yangu: wadai wamesimama safu, mali inagawiwa, na haitoshi.

Kwani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Madai ya kawaida huuliza nani ana haki. Ufilisi huanza pale ambapo wote wana haki, na haki zao hazienei. Mfilisi hukusanya kilichopo, huuza kinachouzika, hutoa gharama, huwatanguliza wenye dhamana na wale ambao sheria imewapa kipaumbele, kisha anachobakia nacho hukigawa kwa uwiano. Mali ikiwa arobaini na madeni mia, kila mwenye shilingi hupata senti arobaini, awe tajiri au mjane, awe alikopesha jana au miaka kumi nyuma. Hakuna anayeondoka ameridhika. Mfilisi mzuri ni yule ambaye wote wamemnung’unikia kwa kiasi kimoja.

Kutoka ufilisi nikavutwa kwenye mirathi, na watu waliniuliza vipi nimeruka kutoka makampuni hadi makaburi. Sikuruka. Tirka, yaani alichokiacha maiti, nayo ni mali ya mtu asiyeweza tena kujisemea, iliyozungukwa na wanaoidai. Utaratibu wake ni ule ule wa safu: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na mwisho kabisa warithi. Watu wengi husahau kuwa mrithi ni wa mwisho. Nimewaona watoto waliokwisha kugawana vyumba kabla maji ya kuoshea maiti hayajakauka, na wadai wangali mlangoni.

Na hata ndani ya mafungu ya warithi hutokea upungufu. Mfano wanaousoma wanafunzi wa faraidhi ni mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mabinti wana thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi, mke thumuni. Ukiijaalia mali kuwa mafungu 24, mabinti huchukua 16, baba 4, mama 4. Zimekwisha, na mke bado hajapewa 3 zake. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo bila ya kuikata khutba, kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui. Maana yake mafungu hupandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mmoja akapunguziwa kwa kadiri ya haki yake, na mke akapata 3 katika 27, yaani moja ya tisa. Jambo hili huitwa auli. Niliposoma kuwa waliolitolea hoja zama za Sayyidna Umar walilipima kwa deni, kwa mtu aliyekufa akaacha dirham sita na anadaiwa tatu na huyu na nne na yule, nililifunga buku nikatoka nje kupunga upepo. Miaka yote nilidhani nina kazi mbili. Kumbe ninayo moja, nayo ni kugawa upungufu.

Kadhi ndiye anayegawa, na kwa mambo hayo ana elimu kuliko mimi. Kazi ya wakili aghalabu ni kule pembezoni: anapotokea mtu wa nje kudai kuwa nyumba si ya marehemu, au minazi ni ya mmoja na ardhi ni ya mwengine, au mgao uliochelewa ukazaa mgao mwengine. Hilo la kuchelewa ndilo ugonjwa wetu. Kaka hukaa katika nyumba ya baba, hasemi kuwa dada hana haki, husema tu tusubiri. Dada husubiri hadi anakufa, na fungu lake huwagawikia watoto wake, nao pia husubiri. Nimewahi kumwakilisha mama mmoja ambaye haki yake, baada ya vifo vitatu vilivyofuatana bila ya mgao, ilikuwa 7 katika 288 ya nyumba yenye vyumba vinne. Alitaka kujua hizo 7 ziko upande gani wa nyumba. Nilimweleza kuwa haziko upande wowote, zimo kila mahali. Akaniambia, “Basi nitaingia vipi?”

Iko na mirathi ambayo hesabu haina neno la kusema. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya mia mbili zilipatikana. Wengi kuliko hao hawakuonekana tena. Miezi ile ofisi yangu ilijaa watu waliohitaji karatasi ya kuthibitisha kifo cha mtu asiye na kaburi. Alikuja mwanamke aliyepotelewa na mume na mtoto wao pamoja, akataka kujua haki yake. Nikamuuliza, kama inavyotupasa kuuliza, yupi alitangulia kufa. Kwa kauli ya wanavyuoni wengi, walioghariki pamoja bila ya kujulikana nani alitangulia hawarithiani. Kila mmoja hurithiwa na walio hai, kama kwamba mwenzake hakuwako. Ni kanuni ya uadilifu, kwani hukataa kujenga haki juu ya kubahatisha. Lakini yule mwanamke alinitazama, akasema, “Alikuwa amempakata.” Kwake hilo ndilo lililokuwa jibu la suali langu, na mimi sikuwa na pa kuliandika.

Sasa narudi kwa baba.

Siku ya tatu baada ya mazishi, alasiri, mzee wa Mkunazini alibisha hodi. Tangu mnada ule nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, Darajani, ameweka meza ya nyuzi na vifungo. Nilikuwa nimesikia pia kwamba kwa meza hiyo alikuwa amewalipa wale sita wa mali kauli, mmoja baada ya mmoja, kwa miaka mingi. Nilimkaribisha, akakaa, akaletewa kahawa, akamwombea baba maghufira. Kisha akasema:

“Nimekuja kwa lile neno ulilolisema msikitini.”

“Lipi, ami?”

“La anayemdai marehemu.”

Akaeleza bila haraka. Mwaka 1986, nilipopata nafasi ya chuo, baba hakuwa na cha kunisafirishia. Alikwenda kwake akakopa shilingi elfu kumi na mbili: nauli, sanduku, viatu, suti moja na fedha ya kuanzia maisha. Wakati ule zilikuwa fedha za kutosha. Karani wa ngazi ya chini alihitaji miezi kuzipata. Hazikuandikiwa karatasi, wala hapakuwa na shahidi. Hazikulipwa.

Nakiri jambo la aibu. Kabla hajamaliza, kichwa changu kilikuwa kimekwisha kupanga majibu yote: hakuna maandishi, hakuna shahidi, muda wa kudai kisheria umepita zamani. Hayakuwa mawazo ya ubakhili. Ilikuwa ni mazoea ya mkono, kama vile fundi anavyogusa kitambaa akajua uzi wake kabla hajakusudia. Nikamwomba anisubiri, nikaingia ndani nikalifungua kabati la baba.

Daftari la 1986 lilikuwapo. Niliufikia ukurasa kwa urahisi, kwani baba alikuwa mtu wa mpango. Jina la mzee, 12,000, na mbele yake maneno matatu: safari ya mtoto. Madeni ya juu yake na ya chini yake yote yalikuwa yamepigwa mstari kwa rula. Hilo halikuwa na mstari. Kwa nini hakulilipa sijui, na hayupo wa kumuuliza. Nadhani mwanzo hakuwa nacho. Na baadaye, mwanawe alipokwisha kulipigisha kengele duka la aliyemkopesha, hakuwa na uso wa kwenda kwake na noti mkononi.

Niliwaita mama na ndugu zangu nikawasomea. Hakuna aliyepinga. Suali lilikuwa ni kiasi gani. Dada yangu mkubwa alisema elfu kumi na mbili za leo ni mchuzi wa siku moja, tulipe kwa thamani ya wakati ule, kwa bei ya mchele au ya dhahabu. Nikapiga hesabu zote mbili kwenye karatasi, nikatoka nazo barazani. Yule mzee hakuitazama karatasi.

“Nilikopesha elfu kumi na mbili,” akasema. “Nitapokea elfu kumi na mbili. Kilichozaliwa sikijui.”

Hakuyasema kwa kejeli, na sidhani kama alikumbuka kuwa aliyasema mbele ya jaji. Mimi nilikumbuka. Deni lake kwa benki lilikua kutoka nane hadi kumi na tisa. Deni letu kwake lilinyauka hadi likawa halinunui kitu. Na kwa yote mawili hakuna aliyevunja sheria. Ningeweza kuyatetea yote mawili katika siku moja, asubuhi upande huu na mchana upande ule, na nikashinda. Na siku ile nilipousoma mkataba wake pale Vuga bila ya kukosea hata neno, nilisimama kwa elimu aliyoigharimia yeye, naye alikuwa akilijua hilo, akaniuliza tu kama nimekunywa chai.

Nikamletea noti mbili, ya elfu kumi na ya elfu mbili. Alizikunja akazitia katika mfuko wa kanzu. Niliandika stakabadhi, akavaa miwani yake, akaisoma yote, akatia saini. Kisha nikamletea bahasha, nikamwambia hii si deni wala si ya mirathi, ni yangu mimi, zawadi. Akaisukuma polepole juu ya mkeka mpaka ikarudi mbele yangu.

“Nimekuja kama mdai, mwanangu. Sikuja kama masikini.”

Alipokuwa akiinuka nilimwonesha lile daftari. Alilitazama kwa muda, akaomba kalamu. Rula haikuwapo karibu. Aliupiga mstari kwa mkono, ukapinda kidogo katikati, akanirudishia kalamu, akasema sasa baba yako amelala.

Bado nafanya kazi hii. Bado nawawakilisha mabenki, kwani benki nayo ina haki, na fedha zake ni amana za watu. Mteja anaponiletea faili humuuliza kwanza mdaiwa anadaiwa na nani wengine, na nani anamdai yeye. Wengi huona ni suali la kupoteza muda. Mara nyingine mazungumzo hayo huzaa suluhu, mara nyingine huzaa mnada.

Mwaka 2017 tulimzika yule mzee. Mwanawe mkubwa alisimama akasema maneno yetu yale yale: aliyekosewa naye amsamehe, anayemdai aje kwetu. Nilikuwa katika safu ya tatu. Nikatambua, baada ya miaka yote ya kuyasikia, kwamba tangazo lile huwaita wanaomdai maiti. Wale ambao maiti anawadai haliwaiti. Wao huachiwa wenyewe.

Siku ya tatu, alasiri, nilikwenda nyumbani kwao. Mwanawe alinikaribisha kwa adabu aliyofunzwa na baba yake, akaniletea kahawa. Nikamwambia nimekuja kwa lile neno alilolisema msikitini.

“Unamdai marehemu?” akaniuliza, akishika kalamu.

“La,” nikasema. “Yeye ndiye anayenidai.”

Akaiweka kalamu chini akanitazama, akinisubiri nitaje kiasi.